Mashine ya Marehemu Baba Yako

Mjukuu wangu Hamisi,

Hapa Naipingo tunaendelea, mikorosho imeanza kuchanua. Unaniuliza kutoka Ruangwa kama mashine ya kupulizia dawa ya salfa ya marehemu baba yako itawaka, baada ya kukaa stoo miaka yote hii.

Itawaka. Ujanani niliifufua ya kaka yangu Salumu, mwaka wa pili tangu tumzike. Nilisafisha kabureta, nikabadilisha plagi, nikavuta kamba mpaka mkono ukafa ganzi. Iliponguruma, ikatoa salfa aliyoijaza kaka mwenyewe. Mama akatoka jikoni mbio: “Salumu! Umerudi?” Aliponiona mimi, akakaa chini palepale.

Njoo uitengeneze, mwanangu. Ila kabla hujavuta kamba niambie, nipande kwanza bodaboda niende Nachingwea mjini.

Babu yako