Uko Mahari Gani?

Dar es Salaam,
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu,

Shikamoo. Itikia marahaba kwanza, hata kama bado umenuna, ndipo Editha aendelee kusoma. Wewe Editha, mdogo wangu, msubiri aitikie. Usiruke maneno, na usiongeze ya kwako, nakujua.

Mgongo unaendeleaje, Mama? Maharage mmeyaanua, au mvua imeyakuta uwanjani? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa, au bado anawatania? Mimi mwili mzima, tena nimenenepa mpaka shingo, ukiniona utadhani diwani. Ila moyo haujakaa. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga. Kwenye simu unaweka sauti kubwa ili jirani naye asikie mtoto wako anavyoongea, na haya si ya jirani. Nimempa barua dereva wa lori la Rusumo, anaondoka kesho. Editha ataifuata Benaco.

Editha ameniambia umeshamsimulia kila mtu wa Mabawe kwamba nimekukatia simu katikati ya maneno, mji umeniharibu, simjui tena aliyenizaa. Mama, kukata nilikata. Lakini nisikilize mpaka mwisho, halafu ndiyo uamue kama ninastahili fimbo.

Kwanza tumalize hili la kodi. Wewe uliwatangazia watu kwamba ninakagua kodi, na baba mdogo ananiambia wenye maduka wanamwuliza kama nitakuja na gari la serikali. Waambie walale. Kodi yangu si ile ya kulipa, ni maandishi ambayo kompyuta inayasoma na kuyatii.

Chukua nyumba ya kupanga pale Benaco, paa moja, vyumba vingi. Sasa fikiria kila mpangaji akifungua mlango anaona nyumba nzima ni yake, jiko lake, choo chake, hasikii hata kikohozi cha jirani. Ndiyo biashara yetu. Ndani ya kompyuta moja kubwa tunagawa kompyuta nyingi zisizoshikika, na kila mteja anaamini ana ya kwake peke yake. Kinachowatenganisha ni kipande cha kodi kilicho ndani kabisa ya mfumo, chini ya vingine vyote. Mtu akitaka kukibadilisha hicho, lazima mimi nisome kwanza. Mimi, niliyeishia kidato cha pili! Nilianza hapa kwa kubeba maboksi na kufagia chumba cha mashine, leo mwenye digrii anasimama mlangoni ananiuliza, “Leonadi, umeshanisomea?” Namwambia asubiri ninywe chai. Mwambie Baba, yeye aliyesema kompyuta hailimwi.

Sasa, kile kipande cha kodi kina muundo mmoja kwa kila mpangaji. Ni nafasi zilizopangwa kwa safu: hapa jina lake, hapa ukubwa wa chumba alichopewa, hapa hali yake, amelala au yuko macho, na chini kabisa, mahali alipo. Bosi wetu, Bi Zubeda, ni Mtanga, na alitaka nafasi zote zipewe majina ya Kiswahili, anasema kazi ya hapa isomeke kwa lugha ya hapa. Kwa hiyo ile nafasi ya chini inaitwa hivyo hivyo, mahali. Ina kazi kubwa, kwa sababu wapangaji hawa wanahama. Umeme ukiyumba jengo moja tunawabeba mpaka mashine ya jengo lingine, na ile nafasi inaandikwa upya.

Deo unamkumbuka. Yule Msubi wa Nyabusozi niliyekuja naye Krismasi, aliyekunywa lubisi yako yote, pombe ya ndizi ya sherehe nzima, kisha akasema ya kwao Biharamulo ni tamu zaidi. Ndiye aliyenitafutia kazi hapa, na chumba ninacholala ni chake. Bi Zubeda alimwambia aitoe ile nafasi ya mahali chini aipandishe juu, karibu na zile zinazosomwa kila mara, mashine isihangaike kuifuata mbali. Kazi ndogo. Deo akaiandika juu, akarekebisha sehemu zinazoisoma, kisha akaitafuta ile ya zamani kama imesalia popote. Hakuiona. Akanitumia nikague.

Nami nikakagua. Unajua ninavyosoma, kwa mdomo, kama katekista. Wenzangu wanasoma kimya, mimi nawacheka, nawaambia jicho linaruka lakini mdomo hauruki. Nilishajitapa mbele ya ofisi nzima kwamba kosa haliwezi kupita mdomoni mwangu. Nikasoma yote kwa sauti, ikatiririka vizuri, nikaweka jina langu: imekaguliwa. Tukaijaribu, ikapita. Kumbe kwenye majaribio hakuna mpangaji aliyehama.

Jumanne umeme ulikatika, wapangaji wakahamishwa. Asubuhi yake mwenye duka la mabati akafungua mahesabu yake, akakuta majina ya wagonjwa wa zahanati, na ugonjwa wa kila mmoja umeandikwa pembeni. Mama, zahanati yenyewe iko mtaa mmoja na duka lake. Akamwona jirani yake mle, na hakunyamaza. Nasikia yule mwanamke hatoki nje, hata genge haendi, watoto ndio wanaomnunulia mboga. Simjui. Sijawahi kumwona. Lakini nikitia tonge mdomoni namfikiria yeye.

Tukazima kila kitu. Tukajikusanya chumba kimoja, ofisi nzima, tunatafuta kosa, hakuna anayemtazama mwenzake. Ndipo simu yangu ikalia juu ya meza. Nikaibonyeza vibaya, ikatoka kwa sauti kubwa, na sauti yako, Mama, haijawahi kuhitaji msaada.

“Reonadi! Uko mahari gani, mbona kimya hivyo?”

Chumba kizima kikalipuka, hata Bi Zubeda ambaye tangu asubuhi alikuwa amekunja uso. Akasema, “Mjibu mama, ana haki ya kuuliza mahari.”

Nami mdomo wangu unavyojua kuropoka, nikakujibu, “Mahari bado, Mama, ng'ombe hawajatimia.”

Wakacheka tena. Deo peke yake hakucheka. Akaniinamia, akaninong'oneza, “Kwani wanacheka nini?”

“Mama kasema mahari badala ya mahali.”

“Sasa si ndiyo amesema mahari?”

Nilimwangalia Deo, nikaangalia kioo cha kompyuta, na hapo ndipo nilipokukatia simu. Kule juu, kwa mkono wa Deo, imeandikwa mahari. Kule chini, vilevile kama zamani, imekaa mahali. Alipoitafuta ile ya zamani aliitafuta kwa herufi zake mwenyewe, akaiona ile mpya tu, akaridhika. Na mimi mkaguzi niliyesoma kwa mdomo, mdomo wa Mabawe ulizisoma zote mbili sawasawa. Kwa hiyo mpangaji akihama, upande mmoja wa kodi unaandika makao mapya kule chini, upande mwingine unasoma kule juu, ambako hakuna aliyebadilisha kitu. Mwenye mabati alikuwa ameshahamishwa, mashine ikaendelea kumfungulia mlango wa chumba chake cha zamani, na mle, umeme uliporudi, tulikuwa tumeshamweka zahanati.

Nilipowaonyesha, hakuna aliyecheka tena. Bi Zubeda akasoma, akavua miwani.

“Aliyeandika na aliyekagua, wote mmetoka kulekule?”

“Si kulekule, Bi. Yeye wa Biharamulo, mimi wa Ngara.”

“Mnatofautiana nini?”

“Sisi tunasema vizuri.”

Ulikuwa utani, Mama, ulinitoka tu. Hakuuchukua kama utani. Alisema watu wa zahanati wanakuja Ijumaa hii inayokuja na wanataka kusikia nani ameondolewa. Mtu mmoja ataondoka, akasema, na hajaamua kama ni mkono ulioandika au mdomo uliopitisha.

Tulirudi chumbani na Deo tukapika ugali, hakuna aliyekula wa maana. Akaniambia, “Ijumaa wewe nyamaza. Kosa ni la mkono wangu.”

“Na jina langu lililo pale chini je?”

“Jina lako lilifuata langu. Mimi nina miaka mingi hapa, nitapata pengine. Wewe na kidato chako cha pili nani atakuchukua?”

Alisema kwa kunitania, na ni kweli, na ndiyo iliyoniuma. Hapa wananijua. Kwingine nikibisha hodi wataniuliza cheti kabla hawajaniuliza jina, wataniona fundi wa kufagia. Tangu siku hiyo sina utani wa kumjibu Deo, mimi, ambaye hata padri nilimtania kwenye kipaimara.

Nimejaribu kujikomboa kwa akili. Nimetengeneza kifaa kidogo kinachosoma kodi yote, kikikuta majina mawili yanayotofautiana kwa hizi herufi zetu mbili tu, kinapiga kelele. Nimekipa jina lako, Anastazia, kwa sababu ya sauti. Bi Zubeda alikiangalia akasema ni kizuri. Halafu akasema, “Lakini Leonadi, zahanati hawakuomba kifaa.”

Kwa hiyo sikiliza nilivyoamua, na usinilaumu kabla hujalala na neno hili. Ijumaa sitanyamaza. Kuandika vibaya mtu yeyote huandika, mimi nimewekwa pale ili vibaya visipite, na nilikuwa najisifu kwa hilo kila siku. Nikimwacha Deo aende peke yake, nitalala kwenye chumba cha nani? Nitawaambia mlango wa mwisho nilikuwa mimi. Wakitaka kuona aliyeuacha wazi, wanione. Baba usimwambie mpaka lipite, maana atasema alisema.

Nisalimie Baba, mwambie shikamoo tupu, bila habari. Baba mdogo Laurenti, fundi wa baiskeli, mwambie ile pampu aliyoniomba nimeiona dukani, ila asitangaze. Shangazi Skola wa kwaya, aniombee, kwa sauti ya pili, maana ya kwanza haiwezi. Bibi mke wangu, asiolewe na mwingine nikiwa safarini. Wewe Editha, soma kwa macho, mdogo wangu, sio kwa mdomo. Utakuja kuona faida.

Ijumaa jioni nitakupigia. Mama, weka sauti kubwa tu, jirani asikie, sitaki ajue kuna jambo. Wewe niulize vilevile unavyoniuliza siku zote: uko mahari gani. Usijaribu kuisema vizuri, nitakuchanganya na mtu mwingine. Nikikujibu kwamba mahari bado na ng'ombe hawajatimia, cheka, ujue nimebaki kazini. Lakini nikikutajia mahali kweli, nikisema niko Morogoro, njiani kurudi, usiulize zaidi mbele ya watu. Nikatie simu, safari hii wewe, halafu ukatandike kile kitanda changu cha karibu na dirisha.

Mwanao,
Leonadi, au Reonadi, vile ulivyonizaa