Bingwa kwa Jina la Binamu Yangu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa timu yetu ya handiboli inasafiri kwa mashindano ya taifa na mimi ndiye kipa, na nikisafiri nitaharibu maisha ya mtu, nisiposafiri nitawaharibia wasichana kumi na watatu. Huwa siongei sana, shuleni wananiita Kabati, kwa hivyo naandika.

Nina miaka kumi na tisa. Nilianza kudaka nikiwa shule ya msingi Pap Onditi, na kipa wa handiboli havai glavu, mpira unakupata kifuani, usoni, popote, lakini mimi siogopi mpira, naogopa watu. Nilikuwa nimerudia darasa mara mbili mama alipougua, ndipo kocha wa shule moja ya Kisumu akaniona nikizuia penalti tano mfululizo, akamwambia mama, "Huyu ni bingwa, ila akifika kidato cha tatu umri wa mashindano utakuwa umempita. Hamna mdogo wake ambaye ameacha shule?"

Alikuwepo. Debra, binti wa mama mdogo, kule Usenge, miaka kumi na tano na mimba ya miezi sita. Alileta cheti chake cha kuzaliwa mwenyewe, amekifunga kwa nailoni, bado kinanuka samaki wa omena, akaniambia, "Shika, nyamera, dada yangu. Mimi nacho nitafanyia nini?" Tukacheka, mshauri. Siku hiyo tulicheka kweli.

Tangu hapo mimi ni Debra. Darasani, kwenye rejista, kwenye cheti cha kipa bora wa kaunti mara mbili. Watu wakishangilia "Debra! Debra!" huwa nachelewa kidogo kugeuka, na kocha husema ni unyenyekevu.

Sasa mtoto wake ana miaka miwili na Debra anataka kurudi shule. Mwezi jana alienda shule ya kutwa karibu na kwao, mwalimu mkuu akaingiza nambari ya cheti kwa kompyuta, ikasema mwanafunzi huyu yuko kidato cha tatu Kisumu. Mwalimu akapiga simu kwetu. Niliitwa ofisini, kocha amesimama mlangoni, simu iko kwa spika, sauti ikauliza, "Nina msichana hapa anasema yeye ndiye Debra. Wewe basi ni nani?"

Nikasema, "Mimi ndiye Debra."

Nikasikia mtoto analia upande ule, halafu yule mwalimu akisema, "Toka ofisini kwangu, mwongo wewe."

Jioni Debra akanitumia ujumbe: "Hongera bingwa. Nimeona picha yako gazetini. Jina langu wameliandika vizuri, sura tu ndiyo yako." Tangu siku hiyo hashiki simu zangu. Kocha anasema ningoje wiki tatu tu mashindano yaishe, halafu "tutaona", na ati nikifungua mdomo kombe letu la kaunti litarudishwa na wenzangu watajua wa kulaumu ni nani. Je, nicheze kwanza halafu niseme? Wiki tatu ni nyingi?

Kipa, Kondele

*

Binti,

Mpira wa uso haukukutisha, swali moja la simu likakushinda. Pole. Nasema pole kwa sababu ulikuwa mtoto watu wazima walipokaa kikao wakakupa maisha ya mtoto mwingine. Na mtu anayeuliza nani ameacha shule, bila kuuliza kwa nini ameacha, mimi simwiti mwalimu.

Pole imeishia hapo. Siku ya ile simu hukuwa mtoto tena. Usijifiche nyuma ya "alikileta mwenyewe". Alikuwa na miaka kumi na tano, na hakuna aliyemwambia kwamba shule ingemngoja. Leo amerudi kuchukua chake, anakukuta mlangoni umetanua mikono.

Wiki tatu? Baada ya hizo kocha atakuwa na mashindano mengine. Usipande basi la Ijumaa. Kesho mwite mama yako, mwende kwa mkuu wa shule na vyeti vyote viwili vya kuzaliwa, chako na cha Debra. Eleza kwa maandishi, weka sahihi, baki na nakala. Wakikuzungusha, nenda ofisi ya elimu ya kaunti siku hiyo hiyo, ulilie hapo mpaka wakusikilize. Ukifanya mtihani wa kidato cha nne hivi, hata matokeo yatakuwa ya Debra.

Waambie wachezaji wenzako kabla kocha hajawaambia. Watakutukana, na kombe litarudi. Sina dawa ya hilo. Wao watapoteza kombe; Debra amefukuzwa ofisini na mtoto mgongoni. Vilabu vya watu wazima havitakuuliza miaka, kadake huko.

Kisha nenda Usenge, kwa miguu yako, si kwa simu. Akikufungia mlango ni haki yake. Mwachie mama mdogo kile cheti, urudi.

Mwisho. Kabla ya kuchapa nimelibadilisha jina la binamu yako, kama ninavyofanya kwa kila barua. Lako sikuwa na la kubadilisha, kwa sababu hukuliandika popote. Usilitume kwangu sasa. Liandike juu ya ile karatasi ya mkuu wa shule, kwa herufi kubwa, kabla ya neno lingine lolote.