Saa Moja kwa Ndege

Mbulumbulu, Karatu
9 Juni

Kaka Emilian,

Tumsifu Yesu Kristo. Simu zangu hupokei, basi soma. Maharage tumevuna, na ng'ombe wa Mama kazaa dume.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita ulinijibu kwa maringo kwamba nisikusumbue, Dar mpaka uwanja wa Kilimanjaro ni kilomita mia nne na hamsini tu, "kwa ndege ni saa moja." Kosa langu, niliweka simu kwenye spika. Mama akasikia anavyotaka yeye: mwanangu anakuja na ndege, anafika saa moja.

Nimemweleza mpaka koo limekauka kwamba hiyo ni saa ya safari, siyo saa ya kufika. Hataki! Kila alfajiri alivaa kitenge cha kanisani, nikampelekea kiti kando ya barabara. Saa moja ikipita anarudi, anakivua, anakataa uji, anasema, "Labda ni ya kesho."

Wewe mwenye hesabu zako, niambie: ni saa moja gani hiyo inayochukua miaka sita?

Tangu Jumapili hainuki. Daktari ametuambia tumrudishe nyumbani, nawe unajua maana yake. Kitenge tunamvalisha hapo hapo kitandani, na bado anauliza saa ngapi. Nimechoka kumvua. Leo nimetoa betri kwenye saa ya ukutani. Hapa kwetu ni saa kumi na mbili na nusu mpaka uje.

Mdogo wako,
Selestina