Karatasi ya Hatari Ndogo

4 Machi 2016

Kaka yangu,

Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Mimi nipo, uchovu tu. Mwenzangu kaacha kazi, basi chupa zote za maabara naosha peke yangu.

Yale mate niliyokutemesha kwenye kichupa nilipokuja likizo yametoa majibu. Nilimwomba mtaalamu mmoja hapa, akayapitisha kwenye mashine. Wanaangalia vinasaba, yaani urithi tuliozaliwa nao, halafu wanapiga hesabu ya uwezekano wa mtu kupata kisukari. Yako imeandikwa: hatari ndogo. Karatasi nimeiweka humu. Kaka, nimelia. Baba kaondoka na sukari, shangazi naye, na wewe kila mwezi unajitoboa kidole kwa hofu. Sasa pumua.

Mdogo wako

2 Aprili 2016

Mdogo wangu,

Barua imenikuta mzima, nakula na kusema. Wifi yako anakusalimu mno.

Karatasi nimeibandika ukutani juu ya cherehani. Mteja akinisema, namwonyesha: hii ndiyo leseni yangu ya soda! Kile kipimo cha kidole nimempa jirani muuza mkaa. Nimechoka kutobolewa, mama wee. Umenitua mzigo, mdogo wangu, Mungu akulipe.

Kaka yako

15 Mei 2019

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Umekuwa adimu, lakini najua kazi haikupi nafasi hata ya kujikuna.

Hapa tuko kwenye sare za shule na mwili umekataa. Nakunywa maji mpaka wifi yako ananitania kwamba nimefuga samaki tumboni. Mguu wa kulia nao unakufa ganzi, siisikii pedali ya cherehani. Natazama chini ndipo najua nimeikanyaga. Uzee unabisha hodi. Ahsante Mungu si sukari, karatasi ipo.

Kaka yako

9 Juni 2019

Kaka,

Hali yako? Nijibu hilo kwanza kabla ya yote.

Barua yako ilifika jana. Yule mtaalamu alipokuja kuchukua chupa nikamsimulia utani wa samaki. Hakucheka. Akaniuliza, “Kaka yako hapimi?” Kumbe ile hesabu ilitokana na maelfu ya watu wa asili nyingine kabisa, wa asili yetu walikuwa wachache wa kuhesabika. Alama za urithi zinazotabiri vizuri kwao, kwetu hazina uhakika, na za kwetu bado hazijatafutwa vya kutosha. Hatari ndogo yako maana yake “hatujui”. Na hata ingekuwa sahihi, anasema, haiwezi kushika nafasi ya kipimo cha damu. Alidhani nalijua hilo kwa kuwa nafanya kazi hapa. Mimi naosha chupa, kaka!

Bandua hiyo karatasi. Kapime leo, si kesho. Ukishapima, nikasirikie utakavyo.

Mdogo wako

3 Agosti 2019

Mdogo wangu,

Sijambo kwa kadiri ya mtu aliyelala wodini wiki tano. Barua yako ilinikuta huku huku.

Sindano ilidondoka kibandani, nikaikanyaga, nikaendelea kushona. Siku ya tatu wifi yako ndiye aliyeona damu kwenye kandambili. Sukari ishirini na sita, wakati ya mwenye afya haifiki nane. Wamekata vidole viwili vya mguu wa kulia. Walitaka kukata mguu wenyewe, wakasema wasubiri. Leo asubuhi daktari kaniambia utabaki. Nimemshukuru mpaka kaona haya.

Nilikukasirikia, sikufichi. Wiki mbili nzima sikutaka hata kulisikia jina lako. Miaka ishirini nashona, sijawahi kumkatia mtu suruali kwa vipimo vya jirani yake. Wewe umenivalisha ya mtu nisiyemjua, nami nikajitazama nikasema imenikaa. Lakini kipimo nilikigawa mwenyewe kwa mkono wangu, na mguu ulipokufa ganzi niliisoma karatasi badala ya kwenda kliniki. Kwa hiyo yameisha. Pole zako zimetosha, usiandike nyingine.

Nina swali moja tu, nalo halinipi usingizi. Mimi na wewe baba mmoja, mama mmoja. Wewe umepima lini?

Kaka yako

20 Agosti 2019

Kaka,

Leo sikuulizi hali, nikiuliza nitalia, na barua hii naiandikia kliniki mbele za watu.

Sijawahi kupima. Nami nilitema mate kwenye kichupa siku ileile niliyokutemesha wewe, nikapata karatasi ya hatari ndogo kama yako. Hata baada ya yule mtaalamu kuniambia, nilikukimbiza wewe tu. Yangu bado iko kabatini. Nimepungua mpaka sare ya kazi inanizidi, nikasema ni kazi.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikavua glavu, nikavuka barabara. Nesi kanitoboa kidole. Kumi na tisa.

Akafungua faili jipya akaniuliza kama kuna mwenye sukari nyumbani kwetu. Nikamhesabia: baba, shangazi, kaka. Kaka, mashine yao haikuniuliza hilo hata siku moja. Nesi akaandika wote watatu, kisha akaniuliza jina langu. Naogopa.

Mdogo wako