Jiko la Gesi Lililofungiwa Stoo

Mama,

Wiki hii nimewafundisha tena kidato cha kwanza jinsi binadamu wa kale alivyoanza kutumia moto. Kwanza aliuchukua ule uliowashwa na radi, akaulinda usizimike. Baadaye sana akajifunza kuuwasha mwenyewe. Nikawaambia nyama na mizizi vilipoanza kupikwa vililainika, tumbo likapata nafuu, na wapo watafiti wanaosema ndiyo sababu ubongo wetu ukakua. Wanafunzi wakaandika. Mimi nikatoka nje ya darasa kwa hasira.

Unakumbuka nilipokusomea somo hilo jikoni kwetu Kirua, wewe unamenya ndizi za kupika machalari na nyama, macho mekundu kwa moshi? Uliniuliza, "Na huo moto alikuwa anaupuliza nani?" Nilicheka. Kitabu hakikusema.

Daktari alisema mapafu yako yalikuwa kama ya mvuta sigara. Wewe! Hukuwahi kushika hata kipisi. Nilileta jiko la gesi na mtungi wake, kaka Aminieli akalifungia stoo. "Machalari ya gesi hayana ladha." Na wewe ukaniambia, "Mwache, mwanangu, ndiye mwenye nyumba." Nakukasirikia na wewe, Mama. Kwa nini ulimwachia? Miaka yote ile ulikohoa, halafu ukawa unawaomba wageni msamaha.

Siku ya mazishi yako kaka alilia kuliko wote. Watu wakamshika huku na huku. Nilitamani kumzaba kibao.

Jumamosi nilipanda kwenda nyumbani Kirua. Nikamkuta Ndeshi, mke wake, ameinamia mafiga yaleyale, anakohoa kikohozi chako. Kilekile, Mama. Sikusalimia mtu. Nilichukua shoka nikavunja kufuli la stoo, nikalitoa jiko, nikaliwasha.

Kaka akafoka, "Hapa ni kwangu!"

"Basi pika wewe," nikamwambia.

Akaondoka kuelekea kwenye migomba. Ndeshi akapika. Chakula kilipoiva Aminieli alirudi, akala, akamaliza sahani. Habari ya ladha hakuigusa.

Sijamsamehe. Hata wewe bado sijakusamehe vizuri, ila nakupenda, na nyumba haina mtu wa kuniita kwa jina la utotoni.

Pumzika, Mama. Jumatatu nampeleka Ndeshi akapigwe picha ya kifua, mumewe atake asitake.

Mwanao,
Aikande