Gram ine, tani ine

Agathe, natoka kwa koko Polycarpe, babu yetu, sasa hivi.

Ule mukono wake wenye haukunjuki? Chef wa maaskari njo aliuvunja, kule Hombo, 1965!

Maaskari walijaza kasiterite, yale mawe ya bati, mu sanduku ya mètre cube, mètre moja kila upande, juu ya camion ya Benoît, ndugu ya koko. Koko njo alikuwa anapima mawe. Akasema: "Chef, gram ine kwa centimètre cube, njo tani ine kwa mètre cube. Daraja ya mto itavunjika."

Chef akacheka: "Gram ine?" Gram ine, dada! Akamupiga koko na kitako ya bunduki kwa kinywa, akamulazimisha Benoît aendeshe.

Daraja ikavunjika. Benoît akafia mu maji.

Chef akamurudilia koko: "Kumbe ulijua!" Akamuvunja mukono. "Ulijua, na haukunikataza!"