Mashine Isiyosimama ya Mzee Jayanti

Ijumaa, 27 Desemba

Imesimama tena, na bado Mzee Jayanti anadai tatizo ni mkanda. Mtu mzima!

Wenzangu wote walipanda Moshi kula Krismasi, mimi nikaachiwa duka. Kariakoo imepoa. Leo sijaongea na mtu zaidi ya kumtajia bei ya feni. Jengo zima tumebaki mimi na huyu mzee wa ghorofa ya juu, ambaye watoto wake wako ng'ambo.

Nilipofunga tu, akaniita dirishani. "Mangi, njoo uone! Leo haisimami."

Mota inazungusha dainamo, dainamo inarudisha umeme kwenye mota. Akaiwasha kwa betri, kisha akachomoa waya. Ikanguruma, ikalegea, kimya.

Nikashindwa kuvumilia. "Mzee, shika hapa kwenye beringi." Ilikuwa ya moto. Nikamwambia joto hilo limetoka kwenye umeme uleule, na kelele vilevile, na upepo wa mkanda. Kinachorudi lazima kiwe pungufu ya kilichotoka. Abadilishe anachotaka, haitajilisha.

"Najua, Mangi. Nimeuza mota maisha yangu yote."

Akamimina chai. Vikombe viwili vilikuwa mezani tangu naingia.

Nilikunywa taratibu, nikaomba cha pili, na wala sipendi chai ya iliki.

Mlangoni nilimwambia kesho nitakuja na grisi. Huenda tatizo ni beringi.